Ngole Aliyenyanyuka Kitini

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, naomba unisaidie ila jina langu usiliandike, mimi ni mama wa watoto wanne, shule niliishia la tatu, niliolewa na mtemi wetu nikiwa binti nikawa ngole, yaani malkia wake, na ingawa serikali iliondoa utemi zamani na mzee mwenyewe amefariki mwaka wa tisa sasa, huku Misungwi kwenye ngoma za mavuno bado wananikalisha kwenye kigoda na watu wanapiga magoti kunisalimia, ila nikirudi nyumbani ni mimi na kuku wangu, hakuna anayeuliza kama nimekula. Anayeuliza ni Josephat, mgane, fundi baiskeli wa Mkolani, mwaka wa pili huu anakuja Jumapili namwingiza kwa mlango wa jikoni, tunakula viazi, ananichekesha mpaka nashika mbavu, anataka tufunge ndoa kanisani na mimi nataka. Sasa juzi kwenye ngoma naye akapiga magoti kama wengine, goti lake bovu likagoma, akabaki pale chini watu wanamcheka, "Fundi, jipige pampu!", mimi nikajisahau nikanyanyuka nikamshika mkono, "Pole baba, inuka," na ngole huwa hanyanyuki. Mwanangu mkubwa akaniambia, "Mama, upigiwe magoti na watu wote hawa halafu ukamfulie soksi fundi pancha?" Wameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wanataka nimkane mbele ya wazee, la sivyo wajukuu sitaletewa tena. Usingizi sina. Nimkane?

Mama wa Misungwi

JIBU

Shikamoo yako nakurudishia, mama, mkubwa ni wewe.

Pole, lakini kosa unalo. Mtu mwenye nia ya ndoa unampitisha jikoni miaka miwili kama mwizi wa sufuria, halafu wanao wapate habari uwanjani mbele ya watu! Waombe radhi kwa hilo, na Josephat pia.

Kumkana, hapana. Ngoma ni siku chache kwa mwaka, zilizobaki ni zako. Wazee wakitaka kigoda chao, wape kwa mikono miwili. Wajukuu huenda mwanao akawazuia kweli, mwezi, miwili, kwa hasira. Usikae kungoja waletwe, nenda wewe ukawaone.

Kesho mwite huyo mwanao peke yake, umweleze kwa kinywa chako. Kisha wewe na Josephat mwende kwa padri mkaandikishe ndoa kabla ya kikao. Jumamosi uongee wa kwanza. Usiombe ruhusa. Watajie tarehe, halafu uwaulize nani atapika.