Maji ya Macho na Kibuyu cha Yeyo

Jumatatu, 1 Julai 1912

Bibi Marta, anayetufundisha kazi ya dawa, anakwenda Machame Alhamisi. Ufunguo wa kabati la dawa ataachiwa mmoja wetu — mimi au Naftali! Ameandika hesabu ubaoni: maji ya kuoshea macho, kila lita iwe na natriumu gramu tatu na nusu. Tupime chumvi kiasi gani?

Nikajibu upesi: gramu tatu na nusu.

Bibi akacheka kidogo. "Na klori umemwacha wapi, Sinyati? Amebaki njiani?"

Naftali akanong'ona kwamba mbuzi wa baba yangu wananihitaji.

Jumanne, 2 Julai

Nimeelewa! Chumvi ni wawili walioshikana. Kwa uzito, natriumu ishirini na tatu huja na klori thelathini na tano na nusu. Jumla hamsini na nane na nusu. Huwezi kumpima mmoja ukamwacha mwenzake. Basi: tatu na nusu mara hamsini na nane na nusu, gawa kwa ishirini na tatu — karibu gramu tisa.

Bibi akaonja maji yangu. Akasema ni chumvi ya machozi kabisa.

Ufunguo ni wangu. Jioni Naftali alinibebea kuni.

Alhamisi, 4 Julai

Bibi ameondoka na ukungu. Nimechemsha lita nzima, nimepima, nimekoroga. Nikamimina chupani yangali moto — chupa ikapasuka, lakini maji mengi yalibaki sufuriani. Chupa nyingine hakuna. Nikakimbia nyumbani Sekei, nikaazima kibuyu cha maziwa cha yeyo, mama yangu. Kimesuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu. Kwetu hakuna chombo safi kuliko hicho.

Ijumaa, 5 Julai

Meusi! Maji yametoka na vumbi la mkaa. Kwa maziwa huo ndio usafi. Kwa jicho ni kama mchanga.

Yeyo kaniambia nisikilaumu kibuyu, kimefanya kazi yake ya siku zote.

Chumvi iliyobaki: gramu nne na nusu. Basi.

Jumamosi, 6 Julai

Nusu lita, nusu ya natriumu, nusu ya chumvi. Nimerudia hesabu hadi chaki imekwisha. Maji yamo kwenye bakuli lililochemshwa, yamefunikwa.

Nkasiogi amekuja kutoka Elerai, mtoto wake Meitamei mgongoni, macho yamegandana kwa usaha.

"Bibi yuko wapi?"

Machame, nikasema. Nikamwonyesha ufunguo.

"Wewe? Si ndiwe uliyetia masizi kwenye dawa?"

Kumbe habari ilishapanda mlima!

Sikujitetea. Nilionja — machozi. Kisha nikachovya pamba, nikainamisha kichwa, nikakamulia matone kwenye jicho langu mwenyewe. Nkasiogi akasema hana haraka, atakaa aone.

Naandika hapa mezani, naye ananikodolea macho. Jicho haliwashi. Bado haliwashi. Nkasiogi anainuka —

anafungua mbeleko.