Saa Nne ya Gerezani

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika kabla ya wote. Nimewasha seva, nimepiga modemu, ikalia weee, ikashika mara ya tatu. Printa ya uhasibu imeisha wino tena. Nimebadilisha. Chai na chapati kwa mama ntilie wa Mtaa wa Swahili. Siku ilianza vizuri.

Kisha kikao cha saa nne. Cha kuamua kama karakana ya mtaa wa Gerezani ibaki au ifungwe. Kiti cha Mzee Ngonyani kilibaki kitupu. Yeye ndiye mkuu wa karakana tangu enzi za shirika la umma. Serikali imeibinafsisha, sisi tumeinunua. Tangu Januari, sisi wauza spea wa Kariakoo na wale mafundi wa Gerezani ni kampuni moja. Kwenye karatasi.

Mama Hansa, mkurugenzi wetu, alimsubiri, akachoka, akafunga faili. Mtu asiyekuja kuitetea karakana yake hana cha kutetea. Ndivyo alivyosema. Kikao kingine Ijumaa, na mbia wetu wa nje atakuwepo. Ngonyani asipokuja, wataamua bila yeye. Wengi wanataka pale pawe ghala.

Mchana Ngonyani kapiga simu, anafoka. Hakualikwa. Mama Hansa naye anaapa mwaliko aliutuma kwa kalenda ya kompyuta, tena mwenyewe. Na ni kweli, niliuona ukitoka.

Nikashauri aambiwe kwa simu tu. Mama Hansa hataki. Mambo ya simu kila mtu baadaye husema hakuambiwa. Ngonyani naye hataki. Wakimtaka, wamwite kama wanavyoitana wao kwa wao.

Wote wawili wasema kweli. Kwa hiyo mwongo ni kompyuta, na huyo ndiye ninayemmudu.

Jumanne, 4 Juni

Gerezani kwa miguu. Jua kali, nyundo kila upande.

Nimempata Bi Tatu, katibu wa karakana. Anakumbuka mwaliko. Ulikuja kama kiambatisho chenye jina lisilosomeka, akaufuta. Nikamuuliza kwa nini.

"Si wewe uliyetuandikia tusifungue mafaili tusiyoyajua? Virusi, ulisema."

Ndiyo, niliandika. Nimecheka, naye akacheka.

Tatizo nimeliona. Programu ya barua pepe ya Mama Hansa na ya Gerezani ni mbili tofauti. Ya kwake inaufunga mwaliko kwenye bahasha yake yenyewe, ambayo nyingine hazijui kuifungua. Nimerudi Kariakoo, nikaiamuru itume kwa mtindo ambao programu zote zinauelewa. Kazi ya dakika chache ukijua pa kubonyeza. Najua pa kubonyeza.

Mama Hansa akatuma mwaliko wa majaribio ambao pia ni wa kweli: kesho, saa nne, yeye na Ngonyani peke yao, wayaweke sawa kabla ya Ijumaa. Nikarudi Gerezani. Ukafunguka! Siku, mahali, kitufe cha kukubali. Ngonyani alivaa miwani, akausoma mwenyewe, akabonyeza. Kariakoo jibu likaingia.

Mimi ni fundi. Naandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 5 Juni

Aibu.

Saa nne Mama Hansa alikaa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kikapoa. Alinitazama tu. "Mara ya pili, Zuhura." Hakupaza sauti. Angepaza ningeona nafuu.

Nikashuka kwa mlinzi. Kumbe mzee alikuja. Alikuja saa moja asubuhi, suti na tai, akakuta mlango umefungwa. Akasimama barazani huku wapagazi wakimpita na marobota. Mlinzi akamwambia wakubwa hawafiki mapema hivyo. Akaondoka.

Nimekimbia Gerezani. Alikuwa amevua suti, yuko chini ya lori. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kutoka.

"Mmenicheza shere, binti. Mtu mzima mnanisimamisha mlangoni kama muuza karanga."

"Mzee, mwaliko ulisema saa nne."

"Ulisema saa moja. Kasome."

Nikasoma. Saa moja. Kalenda ya Mama Hansa inasema saa nne, yake inasema saa moja, mwaliko ni uleule. Jana nilitazama kama umefunguka. Saa sikuitazama.

Nimeumia. Lakini chanzo nimekipata kabla ya adhuhuri. Kompyuta yake inafuata saa za Greenwich, saa tatu nyuma ya zetu. Tangu ilipotolewa kwenye boksi hakuna aliyeiambia kuwa iko Dar. Mtu aliona saa haifanani na ya ukutani, akaisogeza kwa mkono basi. Usoni iko sawa, tumboni imekosea. Mwaliko wa saa nne ya huku ikaugeuza kuwa saa moja.

Nimeeleza yote kwa sauti, nimechuchumaa kando ya lori. Mafundi wamesikiliza. Yeye akaomba spana, akaendelea na lori. Sijui kama ameniamini.

Alhamisi, 6 Juni

Kompyuta zote za Gerezani sasa zinajua ziko Afrika Mashariki. Moja baada ya nyingine, na safari hii nimezijaribu kila moja, saa kwa saa. Nimemweleza Bi Tatu namna ya kukagua. Ameshika upesi.

Tabu ni mzee. Mwaliko wa Ijumaa umeingia, umefunguka, saa ni sahihi. Hataki kuubonyeza. Mara mbili zinatosha, anasema. Kama wanataka kufunga wafunge, wasimfanye kichekesho kwanza. Mafundi wamesimama mlangoni wanasikia. Vijana wa kupaka rangi, wa bodi, wa injini. Nimewaona nyuso. Wao ndio watakaorudi nyumbani na boksi la spana.

Nikamwambia: "Basi usialikwe. Alika wewe."

"Mimi nimwalike mwenye mali?"

"Kalenda haijui mwenye mali. Inajua nani kaandika."

Akapangusa mikono kwa tambara. Kisha akavuta kiti. Akaandika kwa kidole kimoja, bila kunipa kibodi. Kikao. Ijumaa. Saa nne. Kwenye nafasi ya mahali akaandika: Karakana, Gerezani. Nikamshauri aongeze chini, kwa maneno, siku na saa, maana programu ya mbia inaonyesha maandishi tu, haina kalenda. Akaongeza. Akatuma kwa wote wawili.

Halafu kungoja. Nimekaa kwenye benchi la Bi Tatu nikijifanya nakagua nyaya. Niliogopa, naandika ukweli. Sikuogopa mashine. Niliogopa watu. Ingekuwa rahisi kwa Mama Hansa kukasirika: kaitwa kwenye jumba lake mwenyewe.

Mbia akajibu kwanza. Atakuja. Mama Hansa kimya. Nilikwishafunga begi jibu lake lilipoingia. Amekubali. Chini kaandika mstari mmoja: anaomba aonyeshwe mashine zikiwa kazini.

Bi Tatu alipiga kigelegele. Mzee akamkemea, lakini alikuwa anatabasamu.

Ijumaa, 7 Juni

Wamefika wote saa nne. Saa nne moja, ya watu wote.

Mama Hansa alimfuata mzee moja kwa moja.

"Jumatano ulikuja saa moja, kweli?"

"Nilikuja."

"Pole sana, mzee. Sikujua."

Basi. Ilitosha.

Hakuna aliyekaa. Ngonyani aliwapeleka kwenye mashine ya kukereza chuma, fundi akachonga kipande cha mhimili wa injini mbele yao. Mbia akakishika kikiwa bado cha moto, akakibadilisha mkono. Mama Hansa aliuliza maswali magumu. Ni mtoto wa duka, amekulia kwenye spea, hadanganyiki. Mzee alijibu yote. Pale asipokuwa na jibu alisema hana.

Karakana inabaki. Wateja wa spea wataletwa huku wafungiwe spea walizonunua. Lakini upande wa rangi na bodi unafungwa mwisho wa mwezi. Ngonyani aliwapigania wale vijana mpaka sauti ikakwaruza. Hakushinda. Wakaahidiwa kupewa vifaa vyao. Nimefurahi na nimechukia, vyote pamoja. Nilidhani wakikutana tu kila kitu kitakuwa sawa. Nilichoweza ni kuwakutanisha.

Mzee kanisindikiza mpaka barabarani. "Umefanya kazi, mwanangu." Nimeyabeba maneno hayo mpaka Kariakoo.

Jumatatu, 10 Juni

Ngonyani ametuma mwaliko wa kikao cha kila Jumatatu. Umeingia kwa kila mtu. Wote wamekubali. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mchana nilikwenda kukaa Mnazi Mmoja na muhogo wangu. Akapita Selemani, mmoja wa vijana wa rangi, pampu ya rangi begani. Mambo? Poa. Kapata kiwanja kidogo karibu na reli, atapaka magari mwenyewe. Nikampa nusu ya muhogo. Tumekula tukitazama watu wanakwenda mjini. Akasema kivuli cha pale kidogo sana, rangi itakauka haraka mno. Akaondoka kwenda kutafuta turubai.

Nimerudi ofisini. Simu kimya. Nimefungua dirisha, nikaanza kufuta vumbi kwenye kibodi.