Niliijibu simu kama ninavyomjibu mgeni

Nyabiyonza, Jumapili. Mvua imekatika, lakini ukungu haujaondoka juu ya migomba.

Mniwie radhi, ninyi mnaopita hapa kusoma. Nimenyamaza muda mrefu, na si kwa uvivu. Kukaa kitini kunaniuma, na bila kukaa siwezi kuandika.

Mgongo ulianza kunisumbua msimu wa kahawa uliopita, kisha maumivu yakashuka hadi mguu wa kushoto. Binti yangu Kemilembe, anayeishi Mwanza, aliniwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi inaniuliza: "Habari za asubuhi? Unajisikiaje leo?" Nachagua sura, inayocheka au inayolia, kisha nayapa maumivu namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Daktari wa huko Mwanza alisema atayasoma majibu hayo ndipo aamue kama nifanyiwe upasuaji.

Nilijibu kila siku. Nilijibu nilivyolelewa.

Kwetu, ukisalimiwa asubuhi, unasema nzuri. Hata kama umekesha ukiugulia, unasema nzuri kwanza. Mgeni anaketi, anapewa kahawa ya kutafuna, ndipo taabu inatajwa, tena kwa sauti ya chini. Simu haiketi wala haitafuni kahawa. Ilichukua neno langu la kwanza ikaenda nalo.

Nilipokwenda kliniki, daktari aliutazama mchoro wa majibu yangu akasema, "Mzee, mbona wewe ni mzima kuliko mimi?" Nikacheka naye. Nafasi ya upasuaji akapewa mgonjwa mwingine, nami nikarudi na vidonge.

Kemilembe alipojua, hata shikamoo yake ilikuwa kali. "Baba, nani alikutuma umfiche daktari?"

"Sikumficha. Nilisalimiwa, nikaitikia."

"Baba! Ile ni mashine!"

Tangu hapo najaza ukweli. Nane. Tisa. Sura inayolia. Programu inanishukuru na kunitakia siku njema. Zamani, nilipojaza kwamba mimi ni mzima, nami niliamini kidogo. Sasa kila siku naianza kwa kujithibitishia kwamba sitapona.

Vidole vya mguu wa kushoto havina hisia tena. Juzi nilikanyaga kaa la moto jikoni. Nilijua kwa harufu.

Ijumaa daktari alipiga simu. Ameyaona majibu mapya, na nafasi imepatikana. Lakini mishipa imebanwa kwa muda mrefu mno. Huenda nikaamka nikiweza kutembea, huenda nisisimame tena kabisa. Nilimuuliza kama angesema hivyo mara ile ya kwanza. Akasema hapana.

Leo baada ya ibada alikuja jirani yangu, Ta Byabato.

"Mwalimu, unakwenda kukatwa mgongo? Hapa angalau chooni unafika mwenyewe."

"Kwa muda gani, Ta Byabato?"

Akatazama magugu yaliyoota kwenye kibanja changu, migomba niliyoipanda kwa mikono yangu. Akaomba jembe, akapalilia mistari miwili, akaaga.

Kemilembe anasema niende. Daktari anataka jibu wiki hii. Nikibaki, mguu utakufa polepole. Nikienda, huenda ikafa yote miwili kwa siku moja. Nimeomba, na sijasikia kitu.

Nikishakata shauri, la kwenda au la kubaki, nitaandika hapa. Leo sina shauri lolote.