Kwa Eufrasia Wetu, Mwenye Simbilisi wa Jikoni

Je, Eufrasia mwanangu, huko uliko unawasikia simbilisi wako wadogo wa manyoya wakipiga mluzi? Asubuhi hii nimeingia jikoni na tita la majani ya lusini, wakapiga wote kwa pamoja, nami nikasimama mlangoni nikashindwa kuendelea. Mwaka umetimia leo tangu ututoke, na sehemu kubwa ya mwaka huo jiko lile lilikuwa kimya.

Tunaikumbuka mikono yako. Hukuwapa kamwe majani yenye umande. Uliyakata jua likishapanda, ukayatandaza chini ya upenu mpaka yanyong'onyee, ukisema majani yenye maji huwajaza hewa tumboni, na simbilisi hajui kucheua. Pumba za shayiri uliwapa kidogo, maganda ya viazi sawa, lakini machipukizi ya viazi uliyang'oa moja moja kwa kuwa ni sumu. Meno yakirefuka, uliwatupia vijiti vikavu watafune. Wakiingia chawa, uliwaogesha kwa yale maji machungu yanayobaki tukiloweka mbegu za tarwi, kisha ukawakausha kwa sketi yako karibu na moto, mmoja baada ya mwingine, ukiwasemesha.

Na mgeni hakuingia jikoni kwako moja kwa moja, hata angetoka nyumbani kwa padre. Simbilisi wa kununuliwa sokoni alikaa kwanza nyuma ya tanuri la nje, ndani ya chungu kile kikubwa kilichopasuka, mpaka uridhike na mavi yake na macho yake. Mumeo Nicasio alipenda kukutania. Alisema, "Nilipokuja kuposa mlinikalisha nje ya ua mpaka nikaota kutu. Leo nimejua hiyo sheria ni ya nani." Nawe bila kuinua kichwa ukamjibu, "Na macho yako bado sijaridhika nayo."

Uliondoka msimu wa mvua. Miguu yako ilivimba, ukalala kitandani siku nyingi, na binti yako Lucila alilala ubavuni pako siku hizo zote, wewe ukimchezea nywele. Halafu akaja mtoto ambaye hakulia, damu yako ikakataa kukatika, na barabara ya kwenda kwa daktari ilikuwa imebebwa na mto.

Kwenye msiba wako kila aliyekuja alileta simbilisi hai, kama ilivyo desturi. Wengine tuliwapika, waliobaki wakafunguliwa jikoni pamoja na wako. Katika kilio kile, nani angekumbuka chungu?

Haukupita muda tukamkuta jike mmoja amekufa, tumbo limekaza kama ngoma. Kesho yake wengine. Wenye mimba wakazitupa. Waliobaki walijikunja pembeni, manyoya yamesimama, wala hawakupiga mluzi mtu akiingia na majani. Ndipo jirani yetu Gumersinda, aliyekuja kunisaidia kufua nguo zako mtoni, aliponiambia taratibu, bila ubaya wowote, "Mama Wilfrida, mwenye mali anaita mali yake. Akiwamaliza hao wa manyoya, ataanza wa miguu miwili."

Lucila alikuwa hapo hapo anasuuza leso yako.

Mwanangu, naandika hili mbele ya watu wote kwa sababu najua hutachukia: tulianza kukuogopa. Wewe niliyekunyonyesha. Upepo ukisukuma mlango, baba yako Teodosio alikuwa anashusha kijiko na kukitazama mpaka mlango utulie. Mimi nilikuwa nikifika jikoni asubuhi nasimama nje kwanza, nasikiliza, naogopa kile kimya, na naogopa zaidi kuingiza mkono pembeni na kugusa kitu baridi. Tulikuombea pumziko, na sala ikiisha tukakusihi usije.

Na Lucila akaanza kukonda. Alibeba bakuli lake la supu akala nje ya mlango, siku nyingine akalirudisha limejaa. Kitanda chetu mimi na baba yako akakikataa, akahamia ghalani, akalala juu ya ngozi ya kondoo katikati ya magunia ya viazi. Nikinyoosha mkono nimguse, anarudi nyuma. Halafu Puka, yule simbilisi mwekundu uliyempa awe wake na asichinjwe, akatoweka jikoni. Tulidhani amekufa, na mbwa wamemchukua. Hakuna aliyethubutu kumtajia mtoto.

Tukafanya wanavyofanya watu wa huku. Tukanyunyiza majivu kizingitini mwa nyumba, tujue kama unakuja. Asubuhi tukakuta nyayo. Zilikuwa ndogo, za miguu mitupu, zimetoka ndani kwenda nje. Nyayo za Lucila.

Sijawahi kuogopa kiasi kile, hata siku ya kifo chako. Nicasio alikaa juu ya kuni, akasema mtoto ameshaitika. Alitaka kumbeba siku hiyo hiyo ampeleke bondeni kwa mama yake, mbali na sisi, mbali na wewe, na akaanza kufunga blanketi. Baba yako hakubishana naye. Aliinama akazifuata zile nyayo polepole, nasi nyuma yake. Zililizunguka jiko, zikaishia nyuma ya tanuri. Ndani ya chungu alikuwamo Puka, mnene, macho yanang'aa, chini yake majani makavu, na mbele yake lusini iliyonyong'onyea vizuri kabisa.

Lucila alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, anadhani atachapwa. "Mama alisema mgonjwa na mzima wasilale pamoja," akasema.

Basi tukajua si wewe. Ni ugonjwa uliokuja na wale simbilisi wageni wa msiba. Tulichoma matandiko yote, tukakwangua sakafu mpaka udongo mgumu, tukamwaga chokaa. Waliokufa tukawafukia shimo refu, mbwa wasiwafikie, na kila mgonjwa tukamtenga. Vifo vikakoma. Gumersinda mwenyewe ndiye aliyeleta chokaa, akaniomba nikikutaja nimwombee msamaha kwako. Ninamwombea hapa.

Nilidhani hofu imekwisha. Kumbe Lucila hakurudi kitandani. Simbilisi wanazaa, jiko linajaa, na yeye anakwisha. Zamani nilikuwa na wa kumwogopa, nikakuogopa wewe. Sasa sikujua niogope nini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Usiku nilihesabu pumzi zake kupitia ukuta wa ghala kama nilivyokuwa nikisikiliza jikoni. Nilimchemshia mayai, nikampelekea maziwa ya mbuzi ya jirani. Alishukuru kwa adabu, akayaweka kando, akangoja niondoke.

Mpaka juzi. Nilikuwa nampima gauni la rangi atakalovaa leo tukivua nguo nyeusi, likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nikapiga magoti nimpunguzie kiuno, naye akajikaza asiniguse. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, kwa nini unatukimbia?"

Alitazama mlango kwanza. Halafu akasema, "Mimi nililala na mama mpaka mwisho. Nikilala na nyinyi mtavimba miguu, mtakufa."

Eufrasia, mwaka mzima. Mwaka mzima mtoto huyu amejiweka mwenyewe ndani ya chungu ili sisi tuishi, na sisi tulikuwa tunakutupia lawama wewe. Sote tulimwambia kwamba umekwenda, kwamba umepumzika, kwamba Mungu alikuhitaji. Hakuna aliyemwambia ulikufa na nini.

Nikamwambia. Nikamwambia miguu ilivimba kwa ajili ya mimba, na kwamba ni uzazi uliokuchukua, damu ilikwisha, na uzazi haurukii mtu kama chawa wa simbilisi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza kama babu naye ana hakika. Nikamwita baba yako kutoka shambani, akaja na jembe begani, akasema ana hakika. Akaniuliza mimi tena.

Tunaokukumbuka leo ni baba yako Teodosio; mumeo Nicasio, ambaye amejifunza kuanika lusini upenuni na anajisifu sana; kaka yako Fabian na mkewe, walioko migodini; jirani yako Gumersinda; mimi mama yako Wilfrida; na binti yako Lucila. Maadamu kuna moto jikoni mwetu, jina lako halitakosa wa kulitaja. Pumzika, mwanangu. Hatukuogopi tena, na ukitaka kuja, njoo.

Lucila ameniomba nisiandike kwamba alilia. Ninaandika tu alichosema yeye baada ya babu yake kumhakikishia, mtoto akiwa bado ameshika pindo la gauni lenye pini, macho chini:

"Bibi, mimi nilikuwa nataka kulala katikati, kati yako na babu."