Damu Yako Iliyobaki Kwenye Friza

Nalini, rafiki yangu,

Duka lenu la vitambaa sasa linauza redio kutoka Dubai. Mama yako amelipangisha. Kariakoo nzima ni maboksi na kelele. Sisi tuliopanga foleni ya sukari pale Msimbazi tukiwa watoto, nani angetuambia bidhaa zitafurika hivi? Nikipita bado nakutafuta kwenye kaunta. Sijazoea.

Nakuandikia kwa sababu ya damu yako.

Unakumbuka zile homa. Kila ukienda hospitali unaambiwa malaria, unapewa klorokwini, unarudi vidole vimevimba. Mimi maabara nilikuwa natumia kingamwili iliyotoka Ulaya, inayonasa protini moja tu: ile inayosaidia seli kukata vipande visivyotakiwa kwenye ujumbe wa RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, na kuunga vinavyobaki. Chini ya hadubini ilionekana kama vitone vya kijani. Nilipokueleza ulicheka, ukasema, "Kumbe fundi cherehani tu."

Kisha tukajaribu damu yako kwenye kioo kingine cha seli, badala ya ile ya Ulaya. Vitone vilevile vya kijani viling'aa ndani ya viini vya seli. Mwili wako ulikuwa umejitengenezea kingamwili dhidi ya protini ileile, iliyo yake wenyewe. Daktari akaiita lupus. Figo zako zilikuwa zimeshachoka, Nalini. Zilikuwa zimechoka sana.

Mgao wa umeme ulipoiharibu ile kingamwili ya Ulaya, na hatukuwa na namna ya kuagiza nyingine, ulininyooshea mkono. "Chukua yangu, Aika. Itumieni mpaka iishe."

Majivu yako yalikwenda baharini. Mwezi uliopita mama yako akasikia kwamba kuna damu yako bado iko kwetu maabara, kwenye friza, akaniita. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Kwao, alisema, hakuna kitu cha marehemu kinachobaki nyuma. Niliogopa. Angesema niilete, ningeileta siku hiyohiyo. Lakini akauliza, "Inafanya kazi gani huko?"

Nikamweleza habari za Rehema, anayeuza mitumba Ilala. Naye alitibiwa malaria isiyopona. Tuliiweka damu yake kando ya yako, vitone vikafanana, akaanzishiwa dawa figo zikiwa bado nzima. Ameshapata nguvu, amerudi kwenye meza yake ya nguo.

Mama yako alijifuta macho kwa pindo la sari.

"Basi ibaki," akasema. "Ikiisha, chupa uniletee mimi."

Kwa hiyo nilipoambiwa mradi wetu wa maabara umefungwa na friza inazimwa, nilikataa. Nilizunguka ofisi moja baada ya nyingine mpaka hospitali wakanipa kona: meza, hadubini ya zamani, na friza iliyounganishwa na jenereta. Kila Jumatatu napita wodi ya wanawake nauliza nani homa yake haisikii dawa. Madaktari wengine wananikunjia uso. Watanizoea.

Nimekukosa. Sina mtu wa kunicheka ninapoanza kueleza mambo ya seli.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi, mgonjwa mwenye dalili kama zako akinifikia, hataondoka kabla sijaangalia damu yake. Na yako ikikaribia kuisha, nitakuwa nimeshampata mwingine wa kutupatia, kwa hiari yake kama wewe.

Kesho Jumatatu. Naingia wodini asubuhi.

Wako,
Aika