Mitumbwi Miwili na Kalamu Nyekundu

(Kutoka daftari langu la zamani, nilipokuwa nikifundisha Garsen. Nimenakili bila kubadilisha kitu, hata pale ninapojiaibisha.)

Garsen, Alhamisi, Novemba 1998. Joto la kunata. Mawingu yamejaa na hayanyeshi.

Leo sikai wala sisimami. Nimefagia chumba mara mbili, nimechemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa, nimekwenda mlangoni kutazama mvua ambayo haiji. Mezani kuna madaftari thelathini na moja ya Kidato cha Pili. Kila nikiyakaribia nakumbuka kazi nyingine.

Kesho ndiyo siku ya fomu. Kila mwanafunzi atajaza masomo atakayoendelea nayo mwakani, na mwalimu mkuu ameshasema Fizikia ikipata chini ya wanafunzi wanane, darasa halifunguliwi. Mimi nitabaki na Hisabati, na maabara itageuzwa ghala moja kwa moja. Nusu yake tayari ina magunia ya mahindi ya msaada tangu mafuriko ya Elnino. Siku hizi panya wanavijua vifaa vyangu kuliko wanafunzi.

Wiki iliyopita orodha yangu ilikuwa na majina kumi na moja. Leo asubuhi yamebaki matano.

Na aliyeyafukuza ni mimi.

Ngoja niandike ilivyokuwa, maana nisipoandika nitaanza kujidanganya tena.

Jumatatu niliwapa hadithi ya mwanga. Haimo katika silabasi, lakini nilitaka waonje Fizikia iliyo nje ya mizani na springi. Niliwaambia kwamba zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita, wataalamu waliamini mwanga hauwezi kusafiri mahali patupu. Sauti ina hewa, wimbi lina maji, basi mwanga nao lazima uwe na chake cha kusafiria. Wakakiita etha. Hakuna aliyewahi kukiona, kukishika wala kukinusa, ila karibu wote walikuwa na hakika kipo. Na ikiwa dunia inapita ndani ya etha, basi lazima kuwe na mkondo unaotupiga usoni, kama anavyopigwa na upepo mtu aliyepanda juu ya lori la kwenda Madogo.

Wamarekani wawili wakaamua kuupima mkondo huo. Waliugawa mwali mmoja wa mwanga sehemu mbili. Sehemu moja wakaituma ielekee mkondo na kurudi, nyingine wakaituma ikatishe mkondo na kurudi, umbali sawasawa. Ile ya kukatisha ilipaswa kutangulia.

Kwa nini itangulie? Hapo vitabu huleta mfano wa waogeleaji wawili mtoni. Nikajiambia, Tana tunayo wenyewe, ya nini kusoma habari za mito ya watu? Waogeleaji niliwaacha kwa heshima ya mamba. Nikatafuta mitumbwi.

Nilimwendea Komora, mvushaji watu, Mpokomo wa makamo ambaye kila mwenye shamba ng'ambo anamjua. Alikubali kabla sijamaliza kueleza, akasema atamleta na mdogo wake.

Jumanne tukaenda, darasa zima. Wanafunzi wa Kiorma walileta kamba za ng'ombe tukaziunga. Tulivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo tukapata upana wa mto, kisha kamba hiyohiyo tukailaza kando ya maji kuelekea juu, mto unakotoka, mwisho wake tukachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Umbali wa kuvuka na umbali wa kupanda ukawa mmoja. Mdogo wake Komora avuke na kurudi. Komora apande hadi kijitini na kurudi. Nilikuwa nimeshawapigia hesabu ubaoni kwamba mvukaji atashinda. Mvukaji naye husumbuliwa na maji, lakini anayepanda hukaa sana akipambana nayo, na kushuka ni kufumba na kufumbua tu. Muda alioupoteza kupanda haurudi wote.

Nikapuliza filimbi.

Wakarudi pamoja. Mitumbwi yote miwili iligusa tope la ukingo kwa mpigo mmoja.

"Droo, Madam!" wavulana wakapiga kelele. "Ni droo!"

Tukarudia, wakafika pamoja tena. Mara ya tatu walikaribiana mno hata wanafunzi wakaanza kubishana nani amegusa kwanza, na mabishano hayakwisha. Hapo ndipo nilipomtazama Komora vizuri nikaona anachofanya. Akipanda hakupiga kafi hata mara moja. Alichukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akajibana ukingoni upande wa ndani wa kona, mahali ambapo maji yamelala na pengine hurudi nyuma yenyewe. Alipanda bila haraka, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Kushuka sasa, ndipo alipoingia katikati akabebwa na mkondo.

Nikakasirika. Nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba ameharibu jaribio, kwamba ameleta ujanja, kwamba hajui mambo ya mkondo na angenisikiliza mimi.

Alinitazama kama anayetafuta neno la kunisaidia. "Mwalimu, huu ni mto. Nani apanda katikati? Hata mtoto hapandi katikati."

Wanafunzi wakacheka. Nilijiambia wanamcheka yeye, na nilijua ni mimi.

Sasa jambo linalonichoma zaidi: mimi ni mtoto wa Kau, kijiji cha chini kidogo kando ya Tana. Mama yangu amenipandisha mto huuhuu kwa pondo tangu sijaanza shule, ukingoni kabisa, matete yakinikwaruza mikono, na nikimlilia tupite kule kwenye nafasi ananiambia katikati ni pa kushukia. Kisha nikaenda chuo. Huko nikafundishwa mto wa ubaoni, wenye mishale iliyo sawa toka ukingo hadi ukingo, na huu wa mama nikausahau kabisa.

Lakini hilo ningeweza kulimeza. Mwalimu hukosea, watoto hucheka, kengele hulia. Nililofanya baadaye ndilo lisilomezeka.

Jumanne ileile nilikusanya ripoti. Wote thelathini na mmoja walikuwa wameandika walichokiona: mitumbwi ilifika pamoja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata mstari juu ya neno "pamoja", daftari baada ya daftari, na juu yake nikaandika, "Mvukaji alitangulia." Jana nikayarudisha na kuwaambia waandike masahihisho. Nilisema hilo ndilo jibu, na kwamba mtihani hautawauliza habari za Komora.

Halima akasimama. Halima ni binti wa wafugaji wa Kiorma, msichana pekee katika orodha yangu ya Fizikia, na wale wavulana, ingawa hawatakubali hata ukiwachapa, humtazama yeye kwanza kabla ya kuamua jambo. Hakupandisha sauti.

"Madam, kama jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo, mtoni tulienda kufanya nini?"

Nikamwambia akae.

Mimi, niliyegombana chuoni na mhadhiri aliyesema Fizikia si ya wanawake. Nilimwambia akae, nikaendelea na somo.

Leo asubuhi madaftari yakarudi. Thelathini wamenakili uongo wangu kwa mwandiko safi kabisa. La Halima, chini ya wino wangu hakuna kitu. Nilipopita kwenye ubao wa matangazo nikakuta jina lake limekatwa katika orodha ya Fizikia, mstari mmoja ulionyooka, amepiga kwa rula. Baada yake wamejikata watano wengine, wao bila rula.

Mchana nikafungua sanduku langu la chuo. Nitakiri nilikuwa natafuta nini: nilitaka hesabu ya kujitetea, kitu cha kumwonyesha Halima kwamba mwalimu hakukosea sana. Nikakutana na mwisho wa hadithi yangu mwenyewe, ule niliokuwa nimewawekea wanafunzi kama utamu wa mwisho wa wiki, na ambao hasira zilinifanya niusahau.

Wale Wamarekani hawakupata kitu. Waliweka kifaa chao juu ya jiwe linaloelea kwenye zebaki ili lisitikisike, wakalizungusha huku na huku, wakapima na kupima tena. Miali yote miwili ilikuwa ikirudi pamoja. Droo. Etha ambayo kila mtu alikuwa na hakika nayo haikuonyesha dalili ya kuwepo. Hawakufurahi. Inasemekana mmoja wao hakuwahi kuachana na etha moyoni mpaka uzeeni. Ila waliandika walichokiona, wakakitangaza hivyohivyo kilivyo, na aibu juu.

Najua sababu si moja. Kwetu mkondo ulikuwepo, Komora akaukwepa. Kwao mkondo haukuwepo kabisa. Lakini wao na mimi tulikaa mbele ya ukurasa uleule, wenye neno tusilolitaka, na mimi ndiye niliyechukua kalamu nyekundu.

Nimekuwa nikiwaza kutwa, je, kama mmoja wao angelikata neno hilo? Watu waliteseka nalo kwa miaka. Mmoja akasema labda kila kitu hujibana kikielekea mkondo, ndiyo maana haupimiki. Wengine wakalaumu kifaa. Ndipo akaja karani mmoja kijana, kazi yake kukagua maombi ya wavumbuzi ofisini, akasema etha tuachane nayo. Mwanga una mwendo mmoja kwa kila mtu, aliyesimama na anayekwenda, na zisizokubaliana ni saa zetu. Wengi walimwona amepungukiwa akili. Baadaye akaongeza kwamba uzito wa jua huupinda mwanga wa nyota, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wakafunga safari hadi kisiwa kimoja cha Afrika Magharibi, jua likapatwa, wakatazama, na mwanga ukawa umepinda. Sehemu hiyo naipenda kwa sababu na sisi Afrika tumo, japo kama mahali pa kusimamisha darubini.

Jua lilipoanza kupoa nikatoka kwenda mtoni. Nilitembea haraka nisije nikabadili nia.

Komora alikuwa anaziba ufa wa mtumbwi. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea na kazi yake, na mimi nikaendelea kusimama.

"Kuniita mjanja si neno," akasema mwishowe. "Lakini wasema mbele ya watoto kwamba mimi sijui mkondo. Huu mto naujua, mwalimu. Ndio nilio nao."

Nilimwambia ni kweli, na kwamba mimi ni wa Kau, na mama yangu alikuwa akipanda kwa pondo vilevile kama yeye. Hapo akaacha kazi, akanitazama kutoka juu hadi chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wa Kau! Basi aibu ni yako peke yako, dada. Mie nilidhani we mtu wa bara."

Nikacheka pia, mara ya kwanza tangu Jumanne. Nilimwuliza kama siku moja angekubali kupanda katikati, wanafunzi waone tofauti kwa macho yao. Akasema atapanda, kama shida yetu ni kumwona akichoka.

Sasa nimerudi na sina kazi nyingine ya kujificha nayo. Wino mwekundu haufutiki, nimejaribu, unachana karatasi. Kwa hiyo nakata sentensi yangu mwenyewe kwa kalamu ya buluu na kuandika chini yake: "Ulichoandika mwanzo ni sahihi. Mwalimu amekosea." Nimefanya hivyo mara thelathini. Mkono unauma, na kila mara neno "amekosea" linatoka dogo kuliko mengine, sijui kwa nini.

Naogopa, sitaficha. Mwalimu mkuu akiyaona atauliza ni mwalimu gani anayekiri kosa kwa maandishi mara thelathini na moja. Na huenda yote haya yasirudishe hata jina moja. Kutoka matano hadi manane ni mbali. Huenda kesho saa kama hii nikawa mwalimu wa Hisabati na mlinzi wa mahindi, na itakuwa haki yangu.

Kesho saa mbili, kabla fomu hazijagawiwa, nitasimama mbele yao niyarudishe madaftari na kusema kwa mdomo nilichoandika kwa kalamu. Limebaki la Halima. Nimeliacha la mwisho kwa sababu yeye hakunakili uongo wangu, kwa hiyo sentensi ile haimtoshi, na kwa sababu aliniuliza swali nami nikamkalisha. Mtoni tulienda kufanya nini? Nimelizunguka swali hilo tangu jana.

Nimelifungua daftari lake. Nimeandika: "Halima, wewe ulienda kuangalia. Mimi nilienda nionekane najua."