Mlango wa Honduras

Panama, 3 Machi

Bibi mpendwa,

Naomba baraka yako. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, kazi naipenda. Banda la maonyesho la nchi zetu sita za Amerika ya Kati tunalichora hivi: ua mmoja wa pamoja, na kila nchi italeta mlango uliotoka kwenye nyumba ya watu. Jana Bi Ondina, mbunifu wetu, aliniuliza mbele ya wote Honduras italeta upi. Unajua ninavyoona haya. Nikajikuta nimesema, “Wa Bibi.”

Najua hujautia komeo tangu Baba aende kaskazini, avuke mto aingie Marekani. Tutauazima miezi mitatu tu, Bibi.

Mjukuu wako,
Nolvia

El Zapotal, 19 Machi

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mguu bado unauma. Miaka minne nauacha wazi ili baba yako Selvin akirudi asisumbuke. Lakini wewe hujawahi kuniomba kitu. Uchukueni. Nimetundika blanketi mahali pake.

Bibi yako,
Eusebia

Panama, 2 Mei

Bibi,

Nibariki. Umelala vizuri?

Leo adhuhuri tulikuwa tunakula. Mlango wako umesimama katikati ya ua, bado hauna ukuta; unaweza kuuzunguka. Ukagongwa. Mara mbili, kimya, kisha kofi moja.

“Fungua, dada!” Chepe, fundi wa El Salvador, akanitania. “Sisi tukigonga Honduras hamfungui kamwe!”

Wakacheka. Ukagongwa tena. Nilizunguka upande wa pili, hapakuwa na mtu. Chini palikuwa pamelowa. Sikufungua. Bibi, Baba alikuwa anagongaje?

Nolvia wako

El Zapotal, 11 Mei

Mwanangu,

Mungu akulinde. Mguu uache.

Ndivyo alivyogonga tangu utoto. Siku hiyo hiyo, adhuhuri, nilimwona hapa. Nguo zinachuruzika maji, anapapasa ukuta, analipita blanketi kama halipo. Nilimwita, hakusikia. Anatafuta mlango wake, na mimi nimeutoa.

Nimeshalia. Sasa usimwache nje. Mwite jina lake lote, kwa sauti, ndipo ufungue.

Bibi yako

Panama, 20 Mei

Bibi,

Nibariki, na ukae chini kwanza.

Leo mlango wako uligongwa mbele ya wageni wote wa maonyesho. Niliita, “Selvin Adalid Murcia!” kwa sauti, nikafungua. Sikuona mtu. Baridi ilipita ubavuni mwangu, na nyayo za maji zikaingia uani, zikafika kivulini, zikakoma. Usimngoje tena, Bibi. Ameingia.

Hakuna aliyecheka. Kisha mlango wa El Salvador ukagongwa. Chepe alikuwa mweupe kama chokaa. “Kaka yangu,” akasema. “Dada, unaanzaje kumwita?”

Wa Guatemala nao unagongwa. Na wa Nikaragua. Wananisubiri niwaonyeshe.

Mjukuu wako,
Nolvia